Kuimba bila ala: namna ya kushika ufunguo tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho

Kwaya inayoimba na kinanda ikilegea, kinanda huirudisha kwenye ufunguo. Akapela, yaani kuimba bila ala, haina msaada huo. Wimbo ulioanzwa katika F unaweza kuisha katika E bila mwimbaji hata mmoja kushtuka, kwa sababu wote wameshuka pamoja, kidogo kidogo. Anayegundua ni msikilizaji, au mwimbaji wa besi ambaye noti yake ya chini kabisa imemkimbia kwenye ubeti wa tatu. Sauti nzuri husaidia, lakini kinachobeba akapela ni masikio, na masikio hufundishika.

Maelekezo haya yamelenga kundi la watu 8 hadi 20 wanaoimba sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kundi la watu watano wenye maikrofoni lina mambo yake, nayo yako mwishoni.

Kutoa sauti

Chagua kifaa kimoja cha kutolea sauti na ukizoee. Kilicho bora ni uma wa sauti, yaani kijiti cha chuma chenye meno mawili kinachotoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Ugonge kwenye goti au kwenye nyama ya kiganja. Usiugonge mezani wala ukutani, maana ukigongwa kwenye kitu kigumu hutoa sauti nyingine kali ya juu inayoifunika A yenyewe. Kisha gusisha mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Utaisikia A wewe peke yako, ukumbi mzima ukiwa kimya. Programu ya simu nayo inafaa, ila spika ya simu ni dhaifu kwenye noti za chini, kwa hiyo chukua noti za oktava ya katikati.

A moja inatosha kukupa do ya ufunguo wowote, mradi ujue A ni nani katika ufunguo huo:

- Do ni A: ndiyo hiyo hiyo.
- Do ni G: A ni re. Imba r–d.
- Do ni F: A ni mi. Imba m–r–d.
- Do ni E: A ni fa. Imba f–m–r–d.
- Do ni D: A ni so. Imba s–m–d.
- Do ni C: A ni la. Imba l–s–m–d.
- Do ni B-flati: A ni ti. Imba t–d, ukipanda.
- Do ni E-flati: fanya kama B-flati, kisha ile do uliyoipata uiite so ya ufunguo mpya na ushuke s–m–d.
- Do ni A-flati: ichukue A kama do, shuka d–t, kisha ti hiyo ndiyo do yako.

Ukishaipata do, imba kwanza d–m–s–m–d kwa sauti ndogo ili kila mtu ajue yuko nyumba gani, ndipo umpe kila mmoja noti yake ya kuanzia. Wengi huruka hatua hii na kutoa noti ya kwanza ya wimbo peke yake. Wimbo ukianza na so, nusu ya kwaya hudhani ile ni do, na kordi ya kwanza (sauti zote zinazolia pamoja) huanguka. Baada ya kupewa noti, waimbaji waishike kwa kuguna “mm” midomo ikiwa imefungwa, sekunde mbili au tatu, wanyamaze, wavute pumzi pamoja, waanze. Kati ya kuguna na kuanza pasiwe na neno: hakuna tangazo, hakuna kukohoa, hakuna “mko tayari?” Noti iliyotolewa husahaulika haraka kuliko watu wanavyodhani.

Kama hakuna kifaa na mtu anaanzisha wimbo kwa sikio, atazame kwanza mahali wimbo unapofika juu kabisa na mahali besi inapofika chini kabisa, aijaribu kimoyomoyo noti ya juu, ndipo ashuke hadi noti ya kuanzia. Mtu mwenye furaha huanzisha juu mno na aliyechoka huanzisha chini mno. Ufunguo ulioandikwa juu ya karatasi si amri. Waimbaji wa mapokeo ya Sacred Harp kule kusini mwa Marekani, wanaotumia kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1844, huwa na mtu maalumu wa kutoa ufunguo, naye huupanga kwa kuwatazama waliohudhuria siku hiyo, hata ukitofautiana na kitabu.

Kwa nini kwaya hushuka

Kupanda hutokea, hasa wimbo wa kasi ukiimbwa na watu wenye wasiwasi. Lakini kwa kila kwaya inayopanda, zipo nyingi zinazoshuka. Sababu ni hizi, na mara nyingi ziko tatu au nne kwa pamoja.

Ya kwanza ni hatua zisizo sawa. Mwimbaji akipanda kutoka d kwenda r huikata hatua fupi, na akishuka kutoka r kwenda d huirefusha. Tofauti ni ndogo sana, lakini wimbo una hatua mia. Kanuni ya kuwaambia ni hii: kupanda hatua ndefu, kushuka hatua fupi. Zoezi lake ni d–r–m–r–d kwa “nu”, polepole, mara kumi bila kusimama, kisha mwalimu anagusa uma. Wakiona wameshuka, warudie wakizingatia tu njia ya kushuka. Kwaya ambayo haijawahi kujipima hivi hushangaa mara ya kwanza.

Ya pili ni noti inayorudiwa. Mstari wenye silabi sita kwenye so ile ile ni mtego mkubwa kuliko mruko wa oktava, maana hakuna anayejiandaa kwa hatari. Kila silabi huinama kidogo chini ya ile ya kabla. Waambie waifikirie kila so kana kwamba inapanda kidogo. Haitapanda kweli, itabaki mahali pake. Alto ndio wahanga wakubwa wa jambo hili, kwa kuwa watunzi huwapa noti moja mstari mzima na kuwaachia wengine raha.

Ya tatu ni pumzi kuishia njiani. Neno la mwisho la mstari huimbwa na mapafu matupu, nalo hushuka. Hapa dawa ni kupokezana pumzi, tutakuja huko.

Ya nne ni mwili: kichwa kimeinamia karatasi, magoti yamekazwa, mabega yamepanda. Karatasi inyanyuliwe hadi kifuani, mtu aweze kumwona mwalimu kwa kuinua macho tu, bila kuinua shingo.

Ya tano ni mwendo. Wimbo unaovutwa taratibu kupita uwezo wa pumzi za waimbaji lazima ushuke. Kabla ya kulaumu masikio, ongeza mwendo kidogo uone.

Ya sita ni ufunguo wenyewe. Nyimbo za F zina sifa mbaya miongoni mwa walimu wa kwaya. Zipandishe hadi F-shapu na mara nyingi zinasimama, pengine kwa kuwa noti ngumu za mpito wa sauti zimehama mahali pake. Ukiona wimbo mmoja unashuka kila mazoezi wakati nyingine zinasimama, jaribu nusu toni juu kabla ya kuwachosha watu kwa mazoezi.

Ipo na ya saba, ambayo hata kwaya yenye masikio safi kabisa huipata, na pengine hiyo ndiyo huipata zaidi. Kordi safi ya sauti za watu haiko sawa na ya kinanda. Chukua d yenye mitetemo 264 kwa sekunde. Kordi ikilia safi, m ni 330 na s ni 396, yaani uwiano wa 4 kwa 5 kwa 6. Kinanda kwa d hiyo hiyo hutoa m ya karibu 332.6. M ya kinanda iko juu kidogo, kwa kiasi cha senti 14, nusu toni moja ikiwa senti 100. Waimbaji wanaosikilizana huivuta m chini hadi mtikisiko uishe na kordi itulie. Hapo utasikia kama kuna sauti ya ziada juu yao ambayo hakuna anayeiimba. Huo ndio utamu wa akapela.

Gharama yake ni hii. Besi ikienda d–l–r–s–d, ikishuka l, ikapanda r, ikashuka s, ikapanda d, na kila mruko ukaimbwa safi kabisa kwa kuipima noti iliyotangulia, d ya mwisho itakuwa chini ya ile ya kwanza kwa senti 22 hivi. Rudia mzunguko huo mara tano na umeshuka nusu toni nzima bila mtu yeyote kukosea. Mkosaji ni r. Besi isiipime r kwa l iliyotoka, bali kwa s inayokuja na d iliyo kichwani. Iiimbe juu kidogo kuliko inavyovutwa. Nyimbo za kisasa zimejaa mzunguko huu, kwa hiyo utafute kwenye karatasi na uutie alama.

Kwa wanaoanza, usiguse kabisa habari ya kuishusha m. Ukiwaambia m ishuke kidogo, wataishusha kupita ulivyoomba. Wafundishe kwanza kusimama, kordi tamu itafuata.

Kuzoeza masikio

Dakika kumi kila mazoezi. Gawa kwaya mara mbili. Nusu ishike d kwa “u” laini, nusu iimbe d–r–m–f–s polepole, ikikaa sekunde nne kwenye kila noti hadi isikie noti mbili zimekubaliana. Kisha wabadilishane. Noti mbili zikikaribiana bila kulingana husikika zikitikisika: mitetemo 440 na 442 zikilia pamoja hutikisika mara mbili kwa sekunde, na zikilingana mtikisiko hukoma. Mwimbaji akishausikia mtikisiko huo mara moja hausahau, na tangu siku hiyo anajirekebisha mwenyewe.

Zoezi hili limetoka mbali. Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki huimba bila ala, mwimbaji mmoja au wachache wakibeba wimbo huku wengine wakishika noti moja ya chini iitwayo isoni. Noti hiyo ndiyo ardhi ya wimbo mzima. Mwimbaji anaweza kuzunguka apendavyo juu yake na akarudi nyumbani salama.

Mapokeo mengine yana majibu mengine, na yote yanaweza kuazimwa. Warusi wa Kanisa la Kiorthodoksi huweka uzito wote chini. Mtunzi wao Rachmaninoff, katika kazi yake ya kwaya iitwayo Mkesha ya mwaka 1915, aliwapeleka besi hadi B-flati iliyo oktava mbili na zaidi chini ya C ya kati, kwa kuwa alijua watu wenye sauti hizo wapo. Isikathamiya, mtindo wa kwaya wa Wazulu wa Afrika Kusini, hufanya vivyo hivyo kwa wingi wa watu. Ladysmith Black Mambazo, kundi alilolianzisha Joseph Shabalala mwaka 1960, lilijulikana kwa mpangilio wa kiongozi mmoja, alto mmoja, tena mmoja, na besi saba. Kwa macho ya kwaya ya kawaida mgawanyo huo ni wa ajabu. Kwa masikio ni wa busara, kwa sababu besi saba wakiimba kwa upole hutoa sakafu pana isiyoyumba, na kiongozi hahitaji kupaza sauti. Watu wa Sacred Harp wao huketi mraba, kila sauti upande wake, wakitazamana, anayeongoza akiwa katikati. Wimbo huimbwa kwanza kwa majina ya noti, fa, so, la na mi, ndipo maneno yaingie. Ukiwa na kwaya inayojua solfa, wafanyishe hivyo kwa kila wimbo mpya. Atakayeweza kuimba ubeti mzima kwa noti hapotei kirahisi akipewa maneno.

Ipo pia njia ya kutangulizwa, ambapo mmoja huimba mstari na wote wakaujibu. Hutumika kwenye zaburi za Kigaeli za Scotland na katika makanisa mengi ya Wabaptisti weusi wa Marekani. Inafaa pale ambapo hakuna vitabu, na ina faida nyingine isiyosemwa sana: kiongozi anaweza kurekebisha ufunguo kila mstari bila mtu kujua.

Sababu za kuziacha ala zinatofautiana. Mwanamatengenezo wa kanisa Zwingli na wenzake waliziondoa ogani makanisani Zürich katika miaka ya 1520. Makanisa ya Kristo husoma Waefeso 5:19 na kusema kilichoagizwa ni kuimba tu. Kwa Waislamu wengi kaswida huimbwa kwa sauti tupu au kwa dufu peke yake. Kwa kazi ya mwalimu tofauti hizo zinaleta jambo moja la kuangalia: uliza kwanza kama makofi, midundo ya mdomo na kuigiza ala vinaruhusiwa mahali mnapoimba. Kwa wengine sauti inayoiga gitaa ni sawa na gitaa.

Kupanga watu

Kwa watu 12, anza na besi 4, tena 2, alto 3, soprano 3. Kwa watu 20, besi 6, tena 4, alto 5, soprano 5. Besi wawe wengi kidogo, soprano wasizidi. Noti za juu hupenya zenyewe, na soprano wanne wenye nguvu huwafunika wanaume wanane.

Wasimame nusu duara, besi karibu na katikati nyuma ili wote wawasikie. Mwenye sikio kali asisimame ukingoni, awe katikati ya kundi lake. Mwenye sauti kubwa asimame nyuma ya wenzake, kwa kuwa akiwa mbele hawasikii wanaomzunguka. Kati ya mtu na mtu iache nafasi ya kiwiko. Wakibanana, kila mmoja husikia jirani tu na kujipoteza mwenyewe, ndipo huanza kupayuka. Wimbo ukishakaa vizuri, wachanganye: soprano kando ya besi, alto kando ya tena. Ni kipimo kikali. Aliyekuwa akimfuata jirani yake hujulikana ndani ya mistari miwili.

Pumzi

Zoezi la kila siku ni kutoa hewa kwa “sss” iliyo sawasawa, bila kutikisika, sekunde 20. Wakizoea, 30. Atakayeishia 12 anavuta hewa kifuani juu. Aweke mkono kiunoni na ausukume kwa pumzi.

Kupokezana pumzi kuna kanuni tatu. Usipumue pale anapopumua jirani. Usipumue mwisho wa mstari pale kila mtu anapotamani, vuta hewa katikati ya noti ndefu. Na unaporudi, rudi kwa sauti ndogo kuliko uliyoondoka nayo, kisha ukue. Kosa la kawaida ni kurudi kwa kishindo, msikilizaji akasikia mtu akiingia kama aliyechelewa. Kama soprano mko watatu tu, gaweni kwa penseli: wa kwanza anapumua neno hili, wa pili lile.

Kuimba Kiswahili

Kiswahili kina irabu tano na kila moja ni safi, na hiyo ni neema kwa kordi. Irabu ikitofautiana, kordi haitulii hata noti zikiwa sahihi. Wawili wakiimba “e” ya mdomo mpana na wawili “e” inayokaribia “i”, utasikia noti imechafuka na utalaumu masikio bure. Chukua mstari, uondoe konsonanti zote, uimbe irabu tupu. “Tunakuja” iwe “u-a-u-a”. Taya lishuke kwa “a” na “o”, lisibane kwa “i”.

Irabu iangukie kwenye pigo, konsonanti itangulie. Neno “shangilia” likianza kwenye pigo la kwanza, “sh” lazima ianze kabla ya pigo ili “a” ifike kwa wakati. Kwaya inayoweka “sh” kwenye pigo huburuta, na mwalimu huwahimiza waongeze mwendo wakati tatizo si mwendo.

M na n zinazosimama peke yake ni silabi kamili zenye noti yake: m-to-to, n-chi. Midomo ifunge na m iimbwe kwa ufunguo. Wengi huimeza, na noti ikapotea.

Mkazo ni kazi ya mtunzi na mfasiri, lakini mwalimu ndiye anayeumia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, ni-na-KU-ja. Tuni nyingi zilitungwa kwa maneno ya lugha nyingine na pigo zito huangukia silabi yetu ya mwisho, ikatoka “bwa-NA”. Ukiruhusiwa kugusa maneno, badili mpangilio wake au ongeza silabi moja mbele ili mkazo uhamie pigo zito. Usiporuhusiwa, imba silabi hiyo ya mwisho kwa upole ingawa iko kwenye pigo, na uipe uzito ile ya kabla.

Jambo la mwisho hapa husahaulika sana. Maneno yetu karibu yote huisha kwa irabu, kwa hiyo hakuna konsonanti ya kufungia mstari. Kila mtu hukata anapojisikia na mwisho unachakaa. Amueni irabu inakoma pigo la ngapi, liandikwe, na pigo hilo wote wavute pumzi. Kuvuta pumzi pamoja ndiko kunakokata sauti pamoja.

Kufundisha wimbo mpya

Mazoezi ya dakika 90 yanatosha kwa ubeti na kiitikio. Kwanza kila mtu, besi pamoja, ajifunze tuni. Anayeijua tuni anaweza kuisikiliza baadaye akiwa kwenye sauti yake. Kisha besi wajifunze yao na kuimba na soprano: ganda la nje la wimbo likisimama, ndani hujaa. Kisha waingize watu wa tena, na alto mwisho, kwani noti za alto mara nyingi huwa hazina maana mpaka zisikike ndani ya kordi.

Imbeni vipande vya mistari miwili, kwa “nu” fupi fupi zilizokatwa. Noti fupi haina pa kujificha: imepatikana au imekosekana. Kosa likitokea mara mbili mahali pamoja, simamisha, imbeni kordi ile moja tu kwa kuijenga kutoka besi kwenda juu, kisha kordi ya kabla yake, kisha mruko kati ya hizo mbili. Kuurudia wimbo wote tangu mwanzo huwa kunalizoeza kosa.

Gusa uma kila mwisho wa ubeti na useme matokeo bila kulaumu. Rekodi kwa simu ukiiweka hatua tano mbele ya kwaya, si mkononi mwa soprano.

Wimbo wa kisasa kwa watu watano

Kundi la Marekani la Mills Brothers liliiga tarumbeta kwa midomo tangu miaka ya 1930, vijana wa mitaa ya miji ya Marekani wakajaza pembe za barabara kwa duwopu, uimbaji wa kikundi wenye silabi za kuchezea, miaka ya 1950, na mwaka 1988 mwimbaji Bobby McFerrin alipanda nambari moja ya chati ya nyimbo ya Marekani, Billboard, kwa wimbo ulioimbwa bila ala hata moja. Mgawanyo uliozoeleka sasa ni huu: mmoja anaongoza, mmoja besi, wawili au watatu wanajaza, na mmoja anapiga midundo ya mdomo.

Chagua ufunguo kwa kumtazama anayeongoza, kisha hakikisha besi anafika chini. Andika besi kwanza, noti ya msingi wa kila kordi kwenye pigo zito. Kisha wajazaji: kordi ikibadilika, anayeweza kubaki kwenye noti yake abaki, na wengine wahame hatua fupi iwezekanavyo. Usiwape watu wawili m moja wala ti moja. Ikilazimu kurudia noti, rudia d au s. Chini kabisa, kwenye eneo la besi, usiweke noti mbili zilizokaribiana, zitanguruma tu. Ukitaka ladha ya uimbaji wa watu wanne wa Marekani unaoitwa babashopu, tumia kordi ya sauti nne ya d–m–s na ti-flati, na hiyo ti-flati iimbwe chini ya ile ya kinanda kwa senti 31 hivi, hadi uwiano uwe 4:5:6:7.

Silabi za nyuma zina uzito kuliko watu wanavyodhani. “U” hukaa chini ya maneno ya kiongozi, “a” huyafunika, kwa hiyo “a” ije pale kiongozi anaponyamaza. Besi hufaa kwa “dum” na “dm”. Acha mapengo. Kundi linaloimba kila pigo huchosha masikio kabla ya kiitikio cha pili.

Mpiga midundo aanze na “b–ts–k–ts”, hesabu nne, polepole: “b” ya midomo iliyokazwa ni ngoma kubwa, “ts” ni tasa, “k” ni ngoma ndogo. “K” inaweza kupigwa kwa kuvuta hewa ndani, na hapo ndipo anapopata pumzi bila kusimama. Asikimbie. Mwendo wa kundi zima uko kwake.

Maikrofoni ishikwe sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, kiongozi na wajazaji wote kwa umbali ule ule. Besi na mpiga midundo wasogee karibu zaidi, kwa kuwa maikrofoni za aina inayosikia mbele tu huongeza noti za chini chanzo kinapokaribia. Kwenye spika za kujisikilizia, kila mwimbaji apate besi kwanza, yeye mwenyewe pili, wengine kidogo.

Wimbo ukishuka mbele ya watu

Usirekebishe katikati ya ubeti. Soprano wakipanda peke yao kurudi kwenye ufunguo, mtakuwa na funguo mbili. Subiri mwisho wa ubeti, acha kimya cha mapigo manne, guna do mpya iliyo nusu toni juu, mpe kila mmoja noti yake na muendelee. Wasikilizaji wengi watadhani mmepanga hivyo. Kama wimbo hauna pengo, besi ndiye mwenye ruhusa ya kupandisha, kidogo kidogo, kwenye noti ndefu, wengine wamfuate. Na besi awe amejiandikia tangu mazoezini noti mbadala ya oktava ya juu kwa kila noti yake ya chini kabisa, ili wimbo ukimshukia asibaki akipumua hewa tupu.